Kitabu Kilichokosa Kifuniko

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya karibu kiasi kwamba mtoto wa hadithi hii bado hajaota jino, palikuwa na mji chini ya mlima, na katika mji huo palikuwa na mkunga, na mhitimu wa chuo kikuu, na mhariri, na mama mkwe, na mzazi wa kwanza. Watu watano. Wahesabuni kwa vidole, mkono mmoja unatosha, kwa sababu nikifika mwisho nitawauliza, na mtu asijifanye alikuwa ananyonyesha hakusikia. Mimi mwenyewe ninaye wa miezi minne hapa kifuani na nilisikia yote, na tangu nisikie namwogesha kwa maji matupu.

Mkunga aliitwa Bi Chausiku. Alipokea watoto wa mji ule wote, hata mwenyekiti wa mtaa ni yeye aliyempokea, ndiyo maana mwenyekiti akimwamkia hupiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi. Bi Chausiku alikuwa na dawa za mzazi na dawa za mtoto, na alikuwa na utaratibu, na utaratibu haukuwa wake peke yake, ni wa wakunga wote wa mji ule tangu bibi zao.

Utaratibu ulikuwa hivi. Ukitaka kujifunza dawa, hupewi yote siku moja. Siku ya kwanza unapewa chungu: majani gani, maji kiasi gani, yachemke mpaka lini. Unakwenda zako. Siku ya arobaini unarudi kwa miguu yako, na kanga mpya mkononi, unakaa mkekani, mkunga anakutazama usoni, akiridhika ndipo anakupa kifuniko. Kifuniko ni jambo moja la mwisho, lile linaloifanya dawa iwe dawa. Na ukishapewa unaapa hutampa mwingine, kila mtu akachukue chake kwa mkunga. Ndani ya siku hizo arobaini mtoto akihitaji dawa, mkunga anakuja mwenyewe, anamwogesha kwa mikono yake, hakuna anayedhurika.

Watu walimuuliza, Bibi, mbona unatuzungusha? Akasema, "Nataka nijue wewe ni mtu wa kurudi. Asiyerudi, siku dawa ikimshinda nitamwona wapi?"

Mhitimu aliitwa Thurea. Mtoto wa mji uleule, akaenda chuo kikuu, akavaa joho, picha yake ikatundikwa sebuleni kwao juu ya televisheni. Chuo chake kikatangaza kwamba mhitimu yeyote mwenye mswada aulete, vitabu kumi na viwili vitazinduliwa siku moja, atakuwepo mgeni rasmi, atakata utepe. Thurea akasema, mimi nitaandika dawa za Bi Chausiku kabla hazijapotea. Wazo zuri, jamani, mimi sisemi lilikuwa baya! Akaja na simu ya kurekodi, akakaa mkekani siku tisa, akapewa vyungu thelathini. Na kila alipomaliza kuandika chungu kimoja, chini yake aliandika maneno mawili: Bado kifuniko. Thelathini hivyo. Bado kifuniko, bado kifuniko, bado kifuniko.

Siku ya arobaini ikafika. Siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka mswada.

Thurea akanunua kanga, kanga nzuri hasa, akaifunga kwenye mfuko, akampa kondakta wa basi, na barua juu: Bibi, shikamoo, kazi zimenibana huku, naomba unipe vifuniko kwa simu.

Bi Chausiku akaipokea kanga. Akaifungua, akaipepeta, akainusa, akaikata katikati, akajifunga kipande kimoja na kingine akajitanda. Simu ikaita. Akaipokea.

"Shikamoo Bibi. Mzigo umefika?"

"Marahaba. Kanga nimeiona, mjukuu wangu. Wewe sijakuona."

Akakata simu.

Sasa mhariri. Bwana Mntangi, mtu wa miwani, nadhifu, kazi yake kupanga vitabu vya wahitimu vikae sawasawa. Akausoma mswada, akakutana na ile Bado kifuniko ya kwanza, ya pili, ya tatu, akampigia Thurea.

"Dada Thurea, hii bado bado hii ni kitu gani?"

"Ni mambo ya Bibi. Kuna vitu hajamalizia."

"Si umeandika mwenyewe kwamba mtu hupeleka kanga? Hukupeleka?"

"Nilipeleka."

"Aliirudisha?"

"Hakuirudisha. Tena nasikia anaivaa."

"Basi mambo yameisha! Kitabu cha kuuzwa hakiwezi kusema bado, dada yangu. Msomaji atauliza, kama bado mbona mmekileta? Mgeni rasmi akifungua akutane na bado?"

Thurea akasema, "Haya."

Haya! Neno fupi hivyo. Bwana Mntangi akachukua kalamu nyekundu, akafuta bado zote thelathini, kitabu kikawa safi. Kikapewa jalada la kijani, muhuri wa chuo kwa chini, na ndani picha ya Bi Chausiku amekaa mkekani. Siku ya uzinduzi utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, vitabu kumi na viwili vikabebwa na wasichana kumi na wawili juu ya sinia, na cha Thurea ndicho kilichoisha mezani kabla ya vyote.

Kimoja kikafika kwa Semeni.

Semeni ndiye mzazi wa kwanza niliyewaambia. Kidato cha nne alimaliza, akaolewa na Mbwana, akazaa binti, akamwita Mwajabu. Mama yake mzazi alishafariki. Na kila kitu kilimtisha. Mtoto akipumua haraka anaogopa, akipumua polepole anaogopa, akilala sana anamgusa pua, akilia anadhani ni tumbo, asipolia anadhani ni kubwa kuliko tumbo. Mnacheka nini? Nani hapa hajamgusa mtoto pua?

Alikuwa akiishi na mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, mwanamke aliyelea saba wakasimama wote saba, na ambaye alipenda sana kuwataja wote saba. Mbwana alipomletea mkewe kile kitabu, Semeni alikipokea kama amepokewa mzigo kichwani. Alikisoma mara tatu. Alikilalia. Yale yote aliyotamani kumuuliza mama yake yalikuwa mle, yamepangwa, yana namba za kurasa.

Mwajabu akatoka vipele vya joto shingoni. Siku hiyo kulikuwa na wageni. Bi Mwanakombo akasema, "Mkamwana, vipele hivyo niache nikamwite Bi Chausiku. Miguu inamsumbua, lakini akitumiwa bodaboda atakuja."

Semeni akagonga jalada la kitabu kwa ukucha. "Mama, Bi Chausiku yumo humu. Hiki kimeandikwa na msomi, kimepimwa. Siyo kubahatisha."

Wageni wakacheka. Mmoja akasema, "Makubwa! Bibi kaingizwa kwenye karatasi." Bi Mwanakombo hakucheka. Alikwenda kukaa barazani, akakunja miguu, akatazama.

Akatazama Semeni akichuma nyuma ya nyumba majani ya mtulizi, ndiyo dawa ya vipele kitabuni. Akatazama yakioshwa. Akatazama sufuria likichemka. Akatazama maji yakimiminwa kwenye beseni, yakaachwa yapoe, Semeni akiingiza kiwiko kupima joto kama kitabu kilivyosema. Akatazama Mwajabu akivuliwa. Alikuwa hatua sita kutoka pale. Alikuwa anatafuna karafuu.

Mtoto alilia, jamani. Siyo kile kilio cha kuogopa maji. Ngozi ikawa nyekundu kama pilipili, macho yakavimba yakafunga, mikono midogo ile inajikuna hewani haijui pa kukuna. Wakakimbia naye zahanati. Nesi akamtazama kwa ile taa ya kichwani, akasema, "Mmemwogesha nini huyu? Amejaa malaika ya majani, vile vinyweleo vinavyowasha, mwili mzima, kama ya upupu. Nani amefanya hivi?"

Semeni akasema, "Mimi."

Siku nne alilazwa. Akapona, Mungu ni mwema, jicho la kushoto tu likabaki linatoa machozi, na nesi akasema litakauka taratibu. Lakini waliporudi nyumbani, Bi Mwanakombo alimpokea mtoto mlangoni, akamwingiza chumbani kwake, akafunga mlango. "Huyu atakaa na mimi. Mama yake hajui kulea, anajua kusoma." Semeni akaamriwa kwenda kulala kwa shangazi yake, mtaa wa pili. Mara nne kwa siku aliruhusiwa kuja kunyonyesha, sebuleni, mlango wazi, mtu amekaa anamwangalia kama mwizi. Maziwa yakijaa kabla ya saa yake, anayakamua kwenye kikombe huku analia. Na Mbwana? Mbwana aliulizwa, akasema wanawake wataelewana. Akaenda kazini!

Zahanati ilikuwa imeshapeleka taarifa, na taarifa ikarudi kwa mwenyekiti wa mtaa ikiwa na fomu. Mwenyekiti akaita kikao ofisini kwake. Wote watano wakaja. Thurea alikuja na gari la kukodi, Bwana Mntangi akaja naye, Bi Chausiku akaletwa kwa bodaboda, na alikuwa amevaa ile kanga. Bi Mwanakombo akaja na Mwajabu, akampakata mapajani, na Mbwana akakaa kando yake. Semeni akakaa kwenye benchi la mwisho, kifua kimelowa.

Mwenyekiti akasoma fomu. "Hapa pameandikwa, Jina la aliyesababisha. Pana mstari mmoja. Atakayeandikwa, mtoto hakai kwake mpaka fomu irudi kutoka wilayani. Asiyeandikwa hana neno. Kwa hiyo mimi nataka jina moja."

Mtu akauliza, "Mwenyekiti, huwezi kuongeza mstari?"

"Fomu siyo daftari langu," akasema mwenyekiti.

Akaanza na Thurea. Thurea akasimama. "Mimi niliandika bado. Mswada wangu ninao hapa, tazameni, ukurasa kwa ukurasa, bado kifuniko, kwa mkono wangu. Sikuficha kitu. Nimeokoa dawa thelathini ambazo zingezikwa na mtu mmoja. Aliyeufuta ukweli si mimi. Kosa langu liko wapi?"

Akamwita Bwana Mntangi. Akasimama, akafuta miwani. "Mimi nilipiga simu kuuliza. Mhariri gani anauliza siku hizi? Nikaambiwa kanga imepelekwa, haikurudishwa. Mwandishi akaniambia haya. Mimi si mkunga, majani siyajui, najua vitabu. Kosa langu liko wapi?"

Akamwita Bi Chausiku, na kabla hajamwita vizuri akajikuta ameshasema shikamoo. Bi Chausiku hakusimama, kwa ajili ya miguu yake. "Mimi kitabu sikuandika. Sikumtuma mtu kuandika. Nilitoa vyungu, nikasema rudi. Hakurudi. Mtu akikutumia nguo unavaa, utaitupa? Lakini kifuniko hakipandi basi. Kosa langu liko wapi?"

Thurea akaruka. "Bibi, lakini ulijua kinachapwa! Picha yako imo! Ulijua watu watasoma!"

"Nilijua unaandika. Nikajua umeandika na bado yako. Si ulikuwa unanisomea mwenyewe? Bado kifuniko Bibi, bado kifuniko. Nikasema mtoto huyu ana adabu."

Thurea akakaa.

Akamwita Bi Mwanakombo. Huyu alisimama na mtoto begani, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Mimi ndiye niliyedhurika! Mjukuu wangu! Nimelea saba, hakuna aliyevimba hata kope. Huyu hapa na cheti chake cha kidato cha nne ananidharau mbele za watu, ananigongea kitabu, anachukua majani yana malaika nyuma yake anayamimina na maji yake vilevile, hata kuchuja hachuji! Yale maji huchujwa kwa kanga mara tatu, mtu mzima gani asiye..."

Akanyamaza mwenyewe.

Ofisi nzima ikamgeukia. Mwajabu alikuwa anaguna, ananusa maziwa yako wapi.

Bi Chausiku akasema polepole, "Kumbe kifuniko cha mtulizi unacho, Mwanakombo."

"Ninacho. Ulinipa wewe, nilipomzaa Mbwana."

"Na ulikuwepo maji yakimiminwa?"

"Nilikuwepo." Akapandisha mabega. "Lakini niliapa! Niliapa kwako, mkekani kwako, kwamba sitampa mwingine. Ningefungua mdomo ningekuwa nimevunja kiapo. Nilitaka nikuite, nikakatazwa mbele ya wageni. Nifanye nini? Kosa langu liko wapi?"

Hapo Semeni alisimama bila kuitwa. Yule yule anayeogopa kila kitu. Maneno yalimtoka yote kwa pamoja.

"Mama, mdomo uliapa, je, mkono nao uliapa? Mguu wako ulikula kiapo? Si ungelipiga teke lile beseni! Si ungelimwaga useme bahati mbaya! Si ungenipiga kofi mimi, ningelia, ningeacha, mtoto angepona! Hatua sita, mama. Unatafuna karafuu. Ulikuwa unangoja nini, ulikuwa unangoja mimi niaibike? Nimeaibika, haya, umeona, na yeye alikuwa ndani ya maji!"

"Angalia unavyosema na mama," akasema Mbwana. Ndiyo neno lake la kwanza tangu kikao kianze.

Semeni hakumgeukia hata. "Na wewe dada Thurea, umesoma mpaka mwisho, mimi nimeishia njiani, nilikuona kwenye picha na joho nikasema huyu amesoma kwa niaba yetu. Bado uliiandika, kisha ukasema haya. Na wewe baba, wewe wa kalamu, ulifuta ili kipendeze. Kilipendeza. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa safi, hakikuwa na bado hata moja, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na bado nyumba ile. Na wewe Bibi, shikamoo Bibi, ulimkasirikia mtu mmoja asiyerudi, ukamnyima. Hukumnyima yeye. Ulininyima mimi, na mimi wala hunijui."

Bi Chausiku akafunika mdomo kwa ile kanga.

"Kila mtu amesimama hapa akauliza kosa langu liko wapi," akasema Semeni. "Mimi siulizi. La kwangu nalijua. Niligonga kitabu mbele ya wageni ili wacheke, wamcheke mama mkwe wangu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mjinga nyumba ile. Mkunga alikuwa hai, bodaboda zilikuwepo, nami nikasema yumo humu. Na mkono uliomwogesha ni huu. Hilo ndilo langu, nimelisema. Sasa nipeni mtoto anyonye, saa yake imepita."

Mnajua nini kilifuata? Mwenyekiti akashusha pumzi kama mtu aliyepata kiti. Akasema, "Afadhali. Huyu amekiri." Akafungua kalamu. Akaiweka juu ya ule mstari.

Amekiri! Wanne wamesema si mimi, mmoja amesema ni mimi, kwa hiyo ni yeye! Mimi damu yangu ilichemka niliposikia hapo na mpaka sasa inachemka, nawaambieni kweli. Ina maana angenyamaza, angeuliza kosa langu liko wapi kama wakubwa zake, kalamu ingebaki hewani. Bwana Mntangi alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake. Thurea alikuwa anatazama picha kwenye kitabu chake mwenyewe kama hajapata kuiona.

Lakini Mwajabu akalia. Alilia kile kilio cha njaa kinachofanya maziwa ya mwanamke yeyote aliye karibu yashuke, hata si mtoto wake. Bi Mwanakombo akambembeleza, hakunyamaza. Akamgeuza bega la pili, hakunyamaza. Semeni alikuwa amesimama mikono imenyooka. Mwenyekiti akasema, "Ngojeni kwanza, nisiandike huku mtoto analia." Akaitazama fomu. Akamtazama Bi Chausiku aliyempokea siku alipozaliwa, akatazama na ile kanga aliyovaa. Akaiinua kalamu kidogo, kama upana wa ukucha.

Na hapo ndipo ninapoiachia, kwa sababu aliyenisimulia naye aliiachia hapo, akasema siwezi kuendelea mpaka wenzangu waseme.

Basi semeni. Thurea aliandika ukweli kisha akasema haya. Bwana Mntangi aliuliza kisha akafuta. Bi Chausiku alishika utaratibu wake, na kanga akavaa. Bi Mwanakombo alishika kiapo, na beseni akaliangalia. Semeni alimwogesha mwanawe, na ndiye peke yake aliyesema langu hili. Mstari ni mmoja. Mtoto analia. Atakayeandikwa hatakaa naye.

Nyinyi mnaonyonyesha, nyinyi mliolea saba, na wewe uliyesoma unayejificha pale nyuma: kalamu ni yenu. Je, nani alistahili kuandikwa?